Mguu wa Babu Tembo

Watoto hawakucheka. Ukumbi ulijaa, na pale pa kucheka mmoja alipiga chafya, basi.

Katika studio yetu ya katuni, filamu haitoki kabla ya kuonyeshwa kwa watoto wa shule ya jirani. Bosi hukaa nyuma gizani, kalamu mkononi, na haangalii filamu. Anaangalia watoto. Siku ile kundi la asubuhi lilipotoka, alinifuata mlangoni.

"Filamu ni ndefu mno," alisema. "Kundi la mchana likinyamaza tena kwenye kile kipande cha tembo, nakitoa."

Kipande hicho nilikichora mimi. Babu Tembo amembembeleza mjukuu wake mpaka kamlaza. Sasa ananyata kwenda mlangoni. Ubao wa sakafu unalia kwii, naye anaganda na mguu mmoja hewani. Mtoto anafumbua jicho moja. Babu, kwa hofu, anajitandaza chini na kujifanya zulia.

Kingekuwa kipande kingine ningekubali yaishe. Lakini mwendo ule ni wa baba yangu mzazi. Nilimwita studio anyate mbele ya kamera, vile alivyokuwa akinyata akishawalaza wanangu, nami nikachora hatua kwa hatua. Baada ya hapo miguu ilimwishia nguvu, na sasa anatembelea fimbo. Mchana huo nilikuwa nimemwalika. Tayari alikuwa pale mapokezi na shati lililopigwa pasi, akimwambia kila anayepita, "Leo mtaniona kwenye filamu." Nimwambie ametolewa? Mdomo huo sikuwa nao.

Nikaenda moja kwa moja kwa mhariri wetu, mume wa dada yangu. Nilikuwa nimewaka; asubuhi ile niliona mguu wa tembo ukishuka mapema mno.

"Shemeji, umegusa tembo wangu?"

"Nimempunguza kidogo tu. Pale mguu ukiwa juu. Hakuna kinachotokea pale, shemeji. Kila nikitazama nasinzia."

"Umeshatazama mara ngapi?"

"Nani anahesabu?"

"Na mara ya kwanza ulifanyaje?"

Akakuna kichwa. "Nilicheka mpaka nikamwaga chai," alisema kwa sauti ndogo.

Ndiyo maradhi ya kazi yetu. Mpishi akionja mchuzi kutwa nzima, ulimi unakufa, kisha anadhani mchuzi ndio ulioharibika.

"Dada yangu alikusubiri mpaka ukajua kuposa," nikamwambia. "Wewe tembo tu anakushinda? Rudisha yote."

"Bosi akisema imezidi urefu?"

"Haraka haraka haina baraka. Wahenga walisema hivyo bila hata kompyuta."

Akacheka na kuanza kurudisha. Kompyuta nayo ikaamua kujivuta siku ile ile. Tulisikia watoto wa mchana wakiingia, viti vikiburutwa, mwalimu akiwanyamazisha. Shemeji alichomoa diski mara tu kazi ilipokamilika na kukimbia nayo koridoni, kandambili zikimpiga visigino.

Baba alikuwa amekaa mwisho wa safu ya mbele, kati ya watoto, fimbo mapajani. Nilisimama ukutani.

Babu Tembo akanyata. Ubao ukalia. Mguu ukabaki juu.

Kimya.

Sikio lake moja likaanza kukunjika, polepole. Kimya bado. Nyuma nikasikia kalamu ya bosi ikibonyezwa, tak. Nikawaza, labda shemeji alikuwa sahihi, labda ni mimi tu niliyempenda tembo huyu kwa sababu ya baba. Nilitamani mguu ushuke yaishe.

"Babu, usiushushe!" sauti nyembamba ikapasua giza.

"Nyamaza wewe! Ataamka!" mwingine akamkemea.

Hapo mtoto wa tembo akafumbua jicho moja. Babu akawa zulia. Ukumbi ukalipuka. Waliangua vicheko, wakapiga viti, na mmoja akaanguka kabisa na kuendelea kuchekea chini. Hata mwalimu aliyewanyamazisha alikuwa ameshika mbavu.

Bosi alirudisha kalamu mfukoni. "Kinabaki," alisema, akimtazama shemeji. "Na mtu asikiguse."

Watoto walipotoka, baba alikuwa bado kitini, akijifuta macho kwa kitambaa. Nikachuchumaa mbele yake.

"Baba, umesikia? Wamecheka kwa sababu ulisubiri na mguu juu. Ulijuaje kwamba pale ni pa kusubiri?"

"Nijue nini, mwanangu? Goti lilikataa. Lilinikwama pale pale hewani, na maumivu yake we acha tu."

Nilikuwa nimelichora goti lile kwa majuma mengi, kila mkunjo wake, na sikuliona.

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unacheka," alisema. "Tangu tumzike mama yako sikuwa nimekusikia ukicheka. Nikaliambia goti, ngoja kidogo."

Akaegemea fimbo kuinuka. Nikamshika mkono. Hatua ya kwanza, mguu ukanyanyuka na kukwama. Tukasimama hapo wawili katikati ya viti vitupu, nami nikasubiri naye mpaka ukashuka.