Sahihi ya Mke wa Mwewe wa Shaba

Kila siku ya kazi, saa tisa mchana, Nahashon Gichuki alivaa suti ya Mwewe wa Shaba ndani ya stoo ya bisi, nyuma ya ukumbi wa sinema katika mol moja ya Doha. Suti ilikuwa ya mpira mzito, ilinuka siagi, na zipu yake ilikuwa mgongoni, kwa hiyo ilibidi aombe mtu amfungie. Akishafungwa alitoka, akasimama kando ya bango la filamu, watoto wakapiga naye picha.

Kosa lilifanyika Nairobi. Karani wa ajenti alipofika kwenye kisanduku cha kazi katika fomu ya visa, badala ya kuandika mtangazaji wa filamu, alinakili jina la suti. Mambo hayo ni ya kawaida. Hamisi, dereva wa Tanga aliyelala kitanda cha chini katika chumba chao cha Al Mansoura, aliandikwa mchunga ngamia, na asubuhi nyingine alimkuta ngamia mmoja amesimama kando ya gari anamsubiri. Alimsukuma pembeni, akaendelea na kazi.

Kitambulisho cha Nahashon kilisema: Mwewe wa Shaba. Basi lolote ambalo studio iliamua kuhusu Mwewe lilimpata yeye. Filamu ya kwanza ilipotoka alianza kunyanyua mabasi, na kampuni ikaona isikodi tena winchi. Kabla ya filamu ya pili, mashabiki walipiga kelele mtandaoni kwamba mabawa yake ni kama ya kuku. Studio ikayafuta. Ya Nahashon yalidondoka bafuni alfajiri, yakaziba bomba la maji machafu, na wanaume kumi na mmoja wakachelewa kazini. Walimsema wiki nzima.

Hayo yote aliyavumilia. Lililomuuma ni la Nafula.

Nafula alikuwa mkewe, mtu wa Kimilili, na alifua mashuka katika hoteli moja kule Al Wakrah. Visa zao zilikuwa za mtu mmoja mmoja, kwa hiyo yeye alilala bweni la wanawake na mumewe la wanaume. Siku yao ilikuwa Ijumaa. Huku Wakristo nao husali Ijumaa, kwa sababu ndiyo siku ya mapumziko. Wakitoka ibadani waliketi kwenye kafeteria ya Al Mansoura, wakanywa chai ya karak na kugawana chapati moja hadi basi la hoteli lije. Saa moja na nusu kwa wiki. Hiyo ndiyo iliyokuwa ndoa yao, na walikuwa wakiitunza.

Kisha wakaja mashabiki wa filamu ya tatu. Si wote; wengi wao hawakuwa na neno. Wale wenye sauti ndio waliosema mapenzi yanachelewesha ngumi, kwamba huyo mchumba wa Mwewe anajaza nafasi bure. Waliandika hivyo usiku na mchana. Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe. Studio iliwapa, ila shavu lililokatwa lilikuwa la mwingine. Mchumba alitolewa kwenye filamu yote, na Ijumaa iliyofuata Nahashon aliketi mezani akaona kiti kitupu.

"Amefika?" aliuliza.

"Yuko mbele yako, bwana," akasema Hamisi, aliyekuwa ametoka kuswali Ijumaa. "Amefunga kitambaa cha buluu. Anasema umekonda."

"Mwambie sijakonda, ni hiyo suti inanikamua."

Nafula akasema jambo. Hamisi akakohoa, akatazama nje.

"Anasema nini?"

"Shemeji, na wewe!" akamwambia Nafula. "Mimi mtu mzima nitayasemaje haya mbele za watu? Anasema anakuota. Yaliyobaki yatunzeni."

Waliendelea hivyo miezi minne, wote wakimwona na kumsikia Nafula isipokuwa mumewe. Nahashon alikwenda kwa mandubu, yule mtu wa kampuni anayeshughulikia makaratasi, akaomba kazi yake ibadilishwe kwenye kitambulisho. Mandubu alimpa chai, akamwambia itahitaji barua ya kampuni, na kampuni nayo ikauliza mashine za barafu zitabebwa na nani.

Nafula alisikia habari hiyo akapiga meza, vikombe vikaruka.

"Hao mashabiki wananijua? Wamewahi kufua hata soksi? Na huyo mwenye studio, si ana mke? Sawa. Kama masikio yao yanasikia kelele pekee, watazisikia."

Wakenya hawafundishwi kelele za mtandaoni. Alianza Nafula na wafuaji wenzake, ikafuata kwaya, wakafuata mabawabu wa Al Rayyan, halafu Nairobi nzima ikaingia, hata watu wasiojua Mwewe ni nani. Kwa wiki tatu studio haikuweza kutangaza hata kikombe bila kuambiwa: mrudisheni mke wa Mwewe! Mwishowe ikatoa tamko. Imewasikia mashabiki. Mchumba atarudi katika filamu ya nne.

Wanawake wa hoteli walipiga vigelegele kati ya mashine za kufulia. Siku ya pili yake likatoka tangazo la filamu. Mchumba anarudi, na anauawa dakika ya nne, ili Mwewe apate hasira ya kuchoma mji. Wale wa ngumi walifurahi sana.

"Wamenirudisha wanichinje," akasema Nafula.

"Shemeji, nakuomba," akasema Hamisi, "Alhamisi filamu ikitoka, usikanyage pale sinema. Kaa hotelini, fua mashuka yako."

"Nitakwenda. Kadi yangu imeandikwa mfuaji. Nataka waniue nikiwatazama machoni."

Hamisi alimpelekea Nahashon maneno hayo. Nahashon akasema, "Kaa naye. Mimi nitakuwa mlangoni."

Alhamisi, onyesho la saa kumi jioni, Nafula alikaa safu ya nne, Hamisi kulia kwake, boksi la bisi mapajani. Dakika ya nne mchumba aliuawa kwa mshale. Kiti cha Nafula kikajikunja kama kisicho na mtu. Hamisi aligeuka asimwone. Boksi la bisi lilibaki hewani, likaendelea kupungua hadi filamu ikaisha.

Tangu hapo hakuna aliyemwona tena. Hotelini mashuka yaliendelea kufuliwa na kukunjwa, pembe kwa pembe, na msimamizi aliendelea kuweka alama ya kuhudhuria kwenye jina la Nafula. Hakugundua tofauti. Kwa miaka mitatu hakuwahi kumtazama usoni.

Nahashon naye, pale mlangoni, mikono yake ilishika moto kama filamu ilivyotaka. Alitazama minara ya Doha kupitia kioo. Alikuwa na hasira, tusidanganyane, alikuwa nayo kuliko Mwewe mwenyewe. Studio ilikuwa imempangia mji, nyumba kwa nyumba, na miguu yake ilianza kwenda. Aliishika nguzo.

"Siendi," alisema kwa sauti, watu wa foleni wakasikia. "Mke ni wangu, hasira ni yangu. Hamtanipangia nimkasirikie nani."

Suti iliyeyuka mikononi hadi kwenye viwiko, lakini hakwenda.

Ijumaa baada ya ibada aliketi kafeteria peke yake, akaagiza karak mbili na chapati moja. Chapati ilikuja baridi. Aliilaza juu ya viganja vyake hadi ikapata moto, akaiweka kwenye sahani upande wa pili. Nafula alikuwa na tabia ya kupasua chapati kuanzia katikati, jambo lililomkera Nahashon tangu uchumba. Chapati ikapasuka katikati.

"Wewe mwanamke," akasema Nahashon, machozi yakimtoka, "si nimekukataza?"

Kikombe cha pili kikainuka, kikanywewa chote.

Jumapili kampuni ilimwita. Suti ilikuwa imeharibika na mabango mawili yameungua, kwa hiyo sasa ilikuwa tayari kuandika barua. Mandubu alimpa fomu ya kubadilisha kazi. Chini kabisa palitakiwa sahihi ya mke, aweke mwenyewe, mbele ya afisa.

"Yuko wapi?" mandubu akauliza.

"Tumekuja naye."

Nahashon alisogeza kiti. Kalamu ikainuka mezani, ikaandika Nafula Wekesa Gichuki, kwa nguvu, hadi karatasi ikatoboka. Mandubu aliichukua, akaisogeza karibu na dirisha, akavaa miwani.

"Sahihi imetoka nje ya kisanduku," alisema. "Hii haitapokelewa. Mje tena Jumapili ijayo."

Walikwenda Jumapili hiyo, na iliyofuata. Studio ilikuwa imetangaza filamu ya tano, na mashabiki walikuwa wanalalamika kwamba Mwewe hana hasira ya kutosha. Mandubu alitoa fomu mpya, akaonyesha kisanduku kwa kidole, taratibu, kama mtu anayemwelekeza mtoto. Kalamu ikainuka. Safari hii jina lilianzia juu ya karatasi, likapita juu ya masharti yote, likaishia kwenye mbao za meza.