Tundu Kwenye Ngao ya Cheche

Kila asubuhi, kabla sijafagia uwanja, naangalia kwanza gari letu limetema nini. Hulala kando ya ukuta wa jikoni. Mume wangu hulisogeza hadi getini, akaliacha lingurume, nami nainama pale lilipolala na ufagio wangu mkononi. Oili ni nyeusi, inanata. Maji ya rejeta yanateleza, yana rangi ya kijani. Maji ya betri sitaki hata kuyasikia, yalishanitoboa gauni.

"Leo limetema sana!" naita. "Ongeza oili!"

"Haya!" Anafungua boneti, anaongeza.

Nisipoita, boneti haifunguliwi. Ile stiki ya kupimia oili sijui kama anakumbuka iko upande gani. Taa ya oili kwenye dashibodi ilikufa zamani, na hakuweka nyingine. Ya nini? Ana mke. Na mimi, nisijitie mnyonge, nilikuwa naupenda wadhifa huo. Kuna siku tunaamka tumenuniana, hatuna neno la kuambiana, lakini la oili lazima tuambiane, na kutoka hapo mengine yanafuata.

Sasa, mama mkwe wangu anaishi juu ya mlima, peke yake, na hashauriki. Barabara ya kwenda kwake siyo barabara, ni mawe yaliyokubaliana kukaa mstari mmoja. Pikipiki hawezi kupanda kwa sababu ya nyonga, na magari ya watu yanaishia chini, kwenye daraja. Ni gari letu tu, kuukuu hivyo hivyo, lenye nguvu miguu yote minne, ndilo linaloweza kumfikia. Jicho lake la kushoto lilikuwa limeshakufa. La kulia lilikuwa na mtoto wa jicho, na daktari wa macho, ambaye huja kwenye hospitali yetu mara chache sana kwa mwaka, alikuwa amempangia siku ya upasuaji.

Siku hiyo tulikwama. Tukiwa njiani kumchukua, jiwe lilipiga sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, likaipasua kama yai. Oili yote ikamwagika mlimani. Tulikokotwa hadi nyumbani, na daktari akaenda zake. Alituachia ujumbe kwa muuguzi: nafasi nyingine ipo safari yake ijayo, na jicho hilo likichelewa tena, asiitwe.

Mume wangu alipompigia mama yake kumweleza, mama alimwacha amalize. Kisha akasema, "Msijisumbue, wanangu. Nimeshaona vya kutosha."

Niliingia bafuni nikalia. Mama mkwe na mimi hatukuanza vizuri, sitadanganya, lakini watoto wangu wote walizaliwa mikononi mwake, na sikutaka mtu yeyote aniambie ameona vya kutosha kwa sauti ile.

Mume wangu alibadilisha sampu, kisha akamwita mdogo wake. Mdogo wake ni fundi wa kuchomelea, tunamwita Cheche, kwa sababu ya kazi yake na kwa sababu ya hasira zake. Cheche alilala chini ya gari, akapima kwa kamba, akatoka na vumbi mgongoni na kichwa kimevimba.

"Nitalivalisha ngao," alisema. "Bamba la chuma, tumbo zima, kuanzia mbele hadi kwenye giaboksi. Jiwe likija likutane na wanaume."

Na kweli aliitengeneza. Nilikwenda karakana kwake kumpelekea chakula nikaiona iko juu ya meza: chuma kinene, mbele kimepinda kama pua ya mashua, kingo zote zimekunjwa juu kama sinia, ili isipinde. Ameilainisha kwa grenda mpaka unaweza kupitisha kiganja. Mafundi wengine, aliniambia, wanaitoboa toboa ngao mpaka inakuwa chekecheke.

"Yangu haina tundu hata moja, shemeji. Matundu ya bolti tu za kufungia, basi. Hii hata bomu halipiti."

"Bomu silijui. Jiwe je?"

"Jiwe litaomba radhi."

Ikafungwa. Mume wangu akawa anaendesha mjini kwenye lami, kwenda kazini na kurudi, akingojea siku ya daktari. Na asubuhi ya kwanza nikainama kando ya ukuta, nikakuta pakavu. Asubuhi ya pili pakavu. Nikapigapiga ardhi kwa ufagio nikidhani vumbi limefunika. Wapi!

"Hakuna kitu!" niliita.

"Umeona?" Mume wangu alitabasamu hadi masikioni. "Limepona."

Wiki ikaisha, nyingine ikaingia, pakavu tu. Naye akazoea. Hakungoja tena getini. Analiwasha, anapunga mkono, huyo anaondoka. Nilibaki na ufagio wangu kama mtu aliyeachishwa kazi. Ndiyo, iliniuma, na mwanzoni nilidhani ndiyo sababu moyo wangu hautulii, kwamba ni wivu tu wa kipuuzi. Lakini jambo lenyewe halikuniingia akilini. Gari lililotema tangu nilipolifahamu, limewekewa sampu mpya, sawa, lakini lilikuwa linatema hata juu ya sampu, kule kwenye sili, ule mpira wa kuzuia oili isitoke. Nani aliitibu sili?

Nilimwuliza tukiwa mezani.

"Cheche aliikagua alipokuwa chini," alisema.

Nilimwuliza Cheche. "Sili? Mimi ni mtu wa chuma, shemeji. Sili si kaka aliikagua alipobadilisha sampu?"

Nikarudi kwa mume wangu na jibu hilo. Alinikata jicho. "Mama watoto, ardhi ni kavu. Wewe mwenyewe ndiye unayesema ni kavu. Unataka nini, livuje?"

"Nataka kujua limeacha lini na kwa nini. Gari haliachi kutema eti kwa sababu limevaa suruali."

Alicheka mpaka akapaliwa. Na mimi nilicheka, maana ilichekesha, lakini roho ilibaki juu.

Siku moja kabla ya kumfuata mama, mchana, mume wangu alikuwa anapanga godoro nyuma ya gari ili nyonga ya mama isiumie. Sikumwambia kitu. Nilichukua hanga ya waya kabatini, nikainyoosha, nikafunga kitambaa cheupe kwenye ncha, nikalala chali kwenye uwanja wangu mwenyewe nilioufagia. Kati ya ngao na injini kuna upenyo unaotosha mkono wa mtoto. Nikapenyeza waya, nikasikia kitambaa kimegusa kitu laini, nikakizungusha, nikakivuta.

Kilitoka cheusi tii, kinadondoka.

Sikupiga kelele. Nilitambaa nikatoka, nikazunguka nyuma ya gari, nikamning'inizia mbele ya pua. Alikiangalia. Akaniangalia. Akaweka mto chini taratibu.

"Stiki iko wapi?" niliuliza.

Aliitafuta, jamani. Aliitafuta kweli, akaipata nyuma ya bomba, akaichomoa, akaifuta, akairudisha, akaichomoa tena. Ilitoka kavu karibu yote, na weusi kidogo tu nchani.

Cheche alikuja na spana zake akinung'unika kwamba wanawake wanatafuta kisirani kwenye kazi ya watu. Walipiga jeki, wakalegeza bolti upande mmoja, na ngao ilipoinama tu, oili ikamwagika. Ilimwagika na ikaendelea kumwagika, kwenye beseni, nje ya beseni, kwenye viatu vya Cheche. Ile sinia yake isiyo na tundu ilikuwa imekinga kila tone na kulitunza. Nilikuwa nawaza ule mlima, injini imekauka inajisaga yenyewe, sisi tumesimama kwenye mawe, na mama nyuma kwenye godoro na jicho lake moja, akituambia tusijisumbue.

Mume wangu alikaa kwenye kizingiti cha jikoni. "Nilikuacha," aliniambia. "Miaka yote nakusikiliza wewe, halafu nikaanza kuisikiliza ardhi peke yake."

"Haya, inuka. Sili inauzwa dukani, na duka halijafungwa."

Alikwenda. Mimi nikabaki na Cheche na ile ngao kati yetu.

"Shemeji," nilisema, "toboa."

"Nitoboe nini?"

"Hapo. Pale penye bonde, oili ilipokuwa imelala. Toboa itoke, nione."

Aliipapasa ngao yake, akainuka, akatembea hadi getini akarudi. Uso wake ulikuwa mbaya. Nilidhani atanitusi. "Hii ndiyo kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya," alisema.

"Najua. Nimeiona ikiwa mezani. Lakini anayepanda ni mama yako."

Akachomeka drili. Chuma kilipiga kelele, vinyweleo vikanisimama. Alipomaliza alipuliza unga, akachungulia upande wa pili, akaniona, na mimi nikamwona. Tukacheka kama wajinga.

Tulipanda mlima asubuhi yake, na sili mpya. Njiani jiwe lilitupiga tumboni, mlio mzito uliopanda hadi kwenye meno, na nikashika mkono wa mume wangu juu ya gia. Gari likapita. Mama alikuwa ametusubiri mlangoni, amevaa, na kifurushi chake miguuni. Alinyoosha mkono kunisalimia, ukaenda kwenye kioo cha pembeni cha gari. Nikauchukua mkono nikauleta kwangu.

Alipasuliwa siku hiyo hiyo. Bandeji ilipotolewa tulimwuliza anaona nini, akasema ukungu. Daktari alisema tusubiri, jicho hilo lilikuwa limechoka, huenda likaamka, huenda lisiamke. Tukamleta kwetu, ndani ya chumba cha watoto. Kila nikimwuliza, "Mama, unaonaje leo?" ananijibu, "Naona salama, mwanangu," jibu la mtu asiyetaka kukutia uchungu. Alikuwa anashika ukuta kutoka chumbani hadi uani. Niliacha kuuliza.

Uwanja nao ulikuwa mkavu, na safari hii niliamini, maana tundu lilikuwa pale na kila asubuhi nililala chini nikalitazama.

Kisha asubuhi moja nilichelewa, nilikuwa nahangaika na uji jikoni. Nikasikia mume wangu analisogeza gari hadi getini, na halafu, dirishani, sauti ya mama.

"Mwanangu! Njoo huku."

Nilitoka mbio nikidhani ameanguka. Alikuwa amesimama kando ya ukuta, ufagio wangu mkononi, ameinama, kidole kimeelekea chini.

"Gari lenu limetema," alisema.

"Umekanyaga, Mama? Umeteleza?"

"Nikanyage wapi? Si hilo hapo. Dogo, kama kifungo cha shati." Aliinama zaidi. "Na lina rangirangi pembeni, kama kitambaa cha hariri. Huwa lina rangi hivyo?"

Lilikuwepo. Tone moja, dogo kweli, na jua lilikuwa linalipaka rangi. Nilikaa chini pale pale kwenye vumbi nikamkumbatia miguu, nikalia kwa sauti, sikujali majirani. Aliniwekea mkono kichwani, na safari hii haukukosea.

Kule getini mume wangu alitoa kichwa dirishani. "Vipi huko? Kuna kitu?"

Nilifungua mdomo, lakini mama alinitangulia.

"Ongeza oili!" aliita.