Chapa ya Jicho, Chapa ya Sikio

1.

KITUO CHA AFYA MLOWEZI
Kitengo cha Macho na Masikio

TANGAZO

Wananchi wote mnatangaziwa kuwa ni MARUFUKU kwa mtu yeyote asiye mtumishi wa kituo kuandika, kuchora, kuchoma au kuweka alama ya aina yoyote kwenye chupa, kifuniko au kasha la dawa lililotolewa na kituo hiki. Atakayebainika atachukuliwa hatua.

Mganga Mfawidhi


2.

Ndahani alisomewa tangazo hilo na Sista Adelina, kwa sababu ubao wenyewe haoni. Jicho la kulia limekuwa jeupe kama maziwa yaliyoganda. La kushoto linabakiza mwanga wa mlangoni, basi. Alisikiliza mpaka mwisho, kofia mkononi.

"Huyo mtu yeyote ana jina?"

"Babu, usinitafutie maneno."

"Nauliza tu."

Sista akautazama mlango wa ofisi, akaona umefungwa, akashusha sauti. "Ni wewe. Nani mwingine anakaa getini na jiko la mkaa, anachoma vifuniko vya dawa?"

"Basi waandike Ndahani. Mimi si yeyote."


3.

Bango ukutani, karibu na dirisha la dawa:

ISTILAHI ZA MACHO NA MASIKIO

Konea: utando angavu ulio mbele ya mboni.
Lenzi: kiungo kinachokusanya mwanga ndani ya jicho.
Katarakta: ukungu katika lenzi, mtoto wa jicho.
Glakoma: ongezeko la shinikizo ndani ya jicho.
Otitisi: uvimbe wa sikio, pamoja na au bila usaha.
Kiwambo: ngoma ya sikio.

Bango ni zuri, lina rangi, limepigwa plastiki. Limetaja kila kitu kilicho kichwani mwa mtu, kutoka sikio hili hadi lile.

Ukikosea chupa, halisemi.


4.

Wewe unayesoma una macho. Haya, shika hizi chupa mbili.

Nyeupe zote mbili. Kifuniko chekundu zote mbili. Urefu wa kidole gumba. Maandishi ya Kizungu, madogo kama mayai ya chawa. Moja ni ya sikio la kushoto la Mbeho, mke wa Ndahani, lililokuwa linatoa usaha tangu Krismasi. Nyingine ni ya jicho lake la kulia, jicho lililobaki, kwa maana la kushoto lilishakufa kwa vikope akiwa msichana. Dirishani walimwambia mara moja, "Hii ya jicho, hii ya sikio, mara tatu kwa siku, anayefuata!" Zikatumbukizwa mfuko mmoja.

Zikaenda nyumbani kwa baiskeli, kilomita kumi na nne za makorongo, zikibingirishana.

Sasa.

Ipi ya jicho?

Usione haya kuchelewa. Hata siku ile ziligeuzwa, zikanuswa, zikainuliwa kwenye jua. Ndipo moja ikachaguliwa.

Mbeho akatiwa tone la kwanza, akaruka kama aliyeumwa na nge. "Inachoma! Mume wangu, inachoma!" Na kwetu, ukubali ukatae, dawa isiyochoma ni maji. Sindano iume. Ya kidonda iwashe. Ya kikohozi iwe chungu mpaka ufunge uso. Hapo mtu ndiyo anarudi akisema leo nimetibiwa. Kwa hiyo akaambiwa avumilie, inafanya kazi. Siku ya pili akashikwa mikono, inafanya kazi. Siku ya tatu asubuhi akafumbua lile jicho, akauliza mbona taa


5.

CHETI CHA KIFO (sehemu)

Jina: Mbeho, mke wa Ndahani.
Umri: 58 (kwa kukadiria).
Sababu: Jeraha la kichwa. Kuanguka korongoni.
Maoni mengine: Hakuna.


6.

Hakuna!

Miezi kumi ya kumwongoza mke wako chooni kwa kamba ya katani, na mtu aliyesoma anaandika hakuna.

Sikio lilipona lenyewe, hilo nalo wangeliandika. Lilipona likawa sikio la sungura. Mchana ule alisikia mbuzi analia ng'ambo, akatoka kumfuata. Mbuzi alilia. Korongo halikulia.


7.

Miaka thelathini na moja Ndahani alikuwa mpiga chapa wa josho la kata. Darasa la nne aliliacha mlangoni, lakini leta ng'ombe wa wenyewe mia, wachanganye, waoshe, watoe upande wa pili: hakuna ndama aliyelala zizi la jirani. Kila mtu na chapa yake. Mwenye mshale, mwenye kwato, mwenye misalaba miwili. Ukipapasa paja la ng'ombe unajua huyu ni wa nani.

Wiki moja baada ya matanga akasema, kwa sauti, peke yake kwenye kigoda:

"Ng'ombe ana alama. Jicho la mtu halina?"

Kesho yake akafika getini na jiko, kopo la maji na spoku ya baiskeli aliyoikunja ncha. Duara lenye nukta katikati: jicho. Nusu duara lenye mkia: sikio. Anachoma kifuniko peke yake, tena anakifungua kwanza na kuziba chupa kwa kitambaa kilichochemshwa, maana moto na dawa havipatani, hilo hahitaji kufundishwa na mtu. Plastiki inavimba ukingo. Hata kipofu anaisoma kwa kidole.

Na yeye anajuaje ipi ni ipi, na macho yale? Sista Adelina humsindikiza mgonjwa hadi getini, chupa moja baada ya nyingine. "Jicho," anasema, akitazama pembeni. "Sikio." Halafu anarudi ndani kama aliyetoka kutema mate.


8.

Yaliyosikika kwenye foleni:

— Ndiye huyu wa chapa?

— Ndiye. Usicheke. Mwanangu alimnywesha mjukuu ya sikio mwaka juzi.

— Mimi yangu naijua ikiwa mfukoni, siitoi hata.

— Wanasema ofisi imekasirika.

— Ofisi ikikasirika dawa zinakuja?

— Shemeji! Shemeji Ndahani! Nichapie na mume wangu huyu, akipotea mnadani wanirudishie!

(Huyo wa mwisho ni Bibi Matika, binamu wa marehemu. Mume wake yupo hapo hapo, na anacheka kuliko wote.)


9.

Kumb. Na. KAM/MM/40

YAH: KUONDOLEWA KATIKA ORODHA YA UPASUAJI WA MTOTO WA JICHO

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Jina lako ni namba 40 katika orodha ya watakaopasuliwa na daktari bingwa atakayekuwepo kituoni hadi Ijumaa saa nne asubuhi. Kutokana na mwenendo wako wa kuharibu mali ya umma, unatakiwa kuwasilisha barua ya kuomba radhi pamoja na kukabidhi kifaa unachotumia, kabla ya Alhamisi saa sita mchana.

Ukishindwa kutekeleza, jina lako litakatwa. Kambi nyingine ya upasuaji haijapangwa.

Nakutakia utekelezaji mwema.


10.

Ofisini kwa Mganga Mfawidhi, Dakta Kiwelu, kuna feni inayozunguka na kalenda ya mwaka jana. Ndahani hakukaribishwa kiti. Alikipapasa, akakaa.

"Mzee wangu, hiyo katarakta imekomaa. Ikiachwa, lenzi inaweza kuvuja humo ndani, shinikizo likapanda, jicho likafa kabisa. Na la kushoto linafuata. Unanielewa?"

"Nimekuelewa vizuri sana. Kumbe mkitaka mnajua kuongea na watu."

"Mzee..."

"Mbona dirishani hamjui?"

"Dirishani kuna wagonjwa mia mbili na mtumishi mmoja! Chupa zinatoka kiwandani na maandishi yake. Mimi nifanyeje?"

"Chora jicho."

"Siyo utaratibu."

"Kumpofusha Mbeho ndiyo utaratibu?"

Feni ikazunguka. Dakta Kiwelu si mtu mbaya, watu wanasema hivyo, na Ndahani mwenyewe angesema hivyo kama asingekuwa Ndahani. Lakini alikuwa amechoka, na aliyechoka huokota jiwe lililo karibu.

"Kituo kilitoa chupa mbili sahihi. Mbili. Sasa niambie wewe, mzee. Nani alimtia mama dawa ya sikio kwenye jicho?"

.

.

.

Ndahani alitoka bila kuaga. Mlangoni aligonga bega, akamsukuma yule aliyemdhani ni mtu. Ilikuwa nguzo.


11.

Rudi juu, namba nne. Soma tena.

Ziligeuzwa. Zikanuswa. Ikachaguliwa. Akatiwa. Akashikwa mikono.

Na nani?


12.

Barua iliyoandikwa na Sista Adelina, Alhamisi saa tano, chini ya bomba la maji, kama ilivyotoka mdomoni mwa mwenyewe:

Kwa Mganga Mfawidhi.

Mimi Ndahani naandika kuhusu ile barua yako. Umeniuliza nani. Ni mimi. Usiandike kwa heshima Sista, andika hivyo hivyo, ni mimi. Nilizinusa nikaona hii ina ukali, nikasema hii ndiyo ya jicho, jicho ndilo ugonjwa mkubwa. Nilimtia kwa mkono huu. Alilia nikamshika. Siku ya pili nilimwambia wewe mwanamke unadeka. Hilo sijamwambia mtu, hata mchungaji.

Kosa langu ndilo hilo nimelisema lote. Silifichi tena.

Sasa na ofisi iseme lake. Isome yenyewe kwa mdomo wake pale kwenye ubao, kwamba tulitoa chupa mbili za kufanana kwa mtu wa darasa la nne, tukamwambia mara moja, tukaita anayefuata. Mkisema, mimi nitaomba radhi ya vifuniko. Msiposema, radhi yangu nimempa Mbeho, yenu sina.

Spoku sitoi. Nikiitoa leo, wale wa kesho watachagua kwa kunusa.

Jicho ni langu. Mkilikata kwenye orodha mmekata la kwangu, siyo la

(Hapa Sista anasema wino uliisha. Wino haukuisha. Alikuwa anafuta uso kwa mkono wa gauni.)


13.

Saa sita ikapita.


14.

Orodha, ukurasa wa pili:

38. Amepasuliwa
39. Amepasuliwa (Bibi Matika)
40. ~~Ndahani~~


15.

Ijumaa, saa tatu na robo.

Thelathini na tisa waliopasuliwa jana wamekaa uani, kila mmoja jicho moja limezibwa kwa pamba na plasta. Wameshapewa maelekezo: plasta ibanduliwe kesho, kisha matone, mara nne kwa siku, wiki nne. Wameshapewa chupa. Nyeupe. Kifuniko chekundu. Lori la kuwarudisha vijijini linanguruma, dereva anapiga honi kama anafukuza kunguru.

Ndahani yupo nje ya geti, mahali pake. Hakuitwa. Alikuja kwa kuwa ni Ijumaa, na Ijumaa dirisha la dawa lina watu. Amepuliza mkaa. Anasikia masanduku ya chuma ya bingwa yakipakiwa kwenye gari, moja, la pili, na anajua kila sanduku lililo ndani ya gari ni siku ambazo hataona.

"Pandeni!" dereva anasema.

Bibi Matika akasimama. Hakwenda kwenye lori. Akashika ukuta, akashika bega la mtu, akafika getini.

"Shemeji, yangu haijachapwa."

"Nenda nyumbani, Matika. Watakuja kukukata na wewe."

"Wanikate nini? Wameshanipasua. Nyumbani nina ya sikio ya mume wangu, imekaa dirishani. Unataka nichague?"

Akanyoosha kifuniko.

Nyuma yake akaja mzee mwenye fimbo. Nyuma ya mzee, wanawake wawili wameshikana. Kisha wote. Hawakuimba, hawakupiga kelele. Walipanga foleni, foleni waliyoizoea maisha yao yote, isipokuwa safari hii ilielekea upande mwingine.

"Hii ni nini? Hii ni nini!" Dakta Kiwelu alitoka na funguo mkononi. "Mzee, nilikuambia! Wazee wangu, gari litawaacha!"

"Lituache," ikasema foleni, bila mdomo maalumu.

Plastiki ilinuka. Duara. Nukta. Anayefuata. Duara. Nukta.

Daktari bingwa, Dakta Sauda, alikuwa na mguu mmoja ndani ya gari. Akautoa. Akaja taratibu na viatu vyake vya mpira, akachukua kifuniko kutoka mkononi mwa Bibi Matika, akakipapasa kwa kidole gumba amefumba macho. Kisha akamwinua Ndahani kidevu kuelekea kwenye jua, bila kuomba ruhusa, kama wanavyofanya hao.

"Baba, mbona wewe sikukuona jana?"

"Muulize aliyesoma."

"Uliitwa?"

"Mimi naona vibaya, binti yangu. Kusikia nasikia. Sikuitwa."

Dakta Sauda akaomba orodha. Sista Adelina alikuwa nayo tayari kifuani, imefunguliwa ukurasa wa pili. Bingwa akasoma kwa kidole mpaka chini. Kidole kikafika arobaini, kikasimama juu ya ule mstari.

"Nani amekata hapa?"

Dereva akaacha honi.

Na pale uani macho thelathini na tisa, mengine yanaona, mengine hayaoni kitu, yakamgeukia Mganga Mfawidhi.