Chupa Zilizorudi kwa Mama Dimple

Maduka ya pembejeo pale Ubaruku yote yamebandika tangazo lile lile ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi. Duka la Mama Dimple peke yake halikuwa nalo. Aliyelianzisha, marehemu mumewe Rahul, alikuwa amekaa na wakulima wa mpunga kiasi cha kujua kwamba mtu hununua dawa ya magugu akitegemea zamu yake ya maji, na zamu ya maji ni ahadi tu kama ahadi nyingine. Dawa ile inataka ukaushe jaruba, upige, kisha urudishe maji baada ya siku chache. Mgawa maji akikuruka, unabaki na chupa mkononi na magugu yanakucheka.

Basi Rahul akaweka utaratibu wake. Chupa ambayo haijafunguliwa, sili yake nzima, irudi, na mwenyewe achukue fedha yake au bidhaa nyingine. Kama mwenyewe hajulikani dukani, awepo mtu anayejulikana aseme, huyu namfahamu. Neno hilo lilitosha. Rahul alipofariki, mkewe Shobha, ambaye mji mzima ulimwita Mama Dimple kwa jina la bintiye, hakubadilisha kitu.

Ng'washi, mwanamke wa Kisukuma aliyelima mpunga hapo Ubaruku, alilipenda duka hilo. Dawa hizo hizo zilikuwepo gulioni, zimepangwa chini kwenye turubai, tena kwa bei ya kuvutia, na kila msimu kulikuwa na mtu aliyenunua pale akaishia kulia. Yeye alipita na kikapu chake bila hata kugeuza shingo. Afadhali alale njaa, alisema, lakini dawa anunue kwa Mama Dimple.

Msimu huu alikuwa na sababu ya ziada ya kuwa makini. Mumewe Budeba alikuwa ametamka neno, na Budeba si mtu wa kutamka neno mara mbili. Walitoka Maswa na ng'ombe, wakateremka mpaka Usangu. Ng'ombe wengine wakafa, wengine wakauzwa, wakabaki na jembe na shamba la kukodi. Mwaka juzi mpunga ulikataa. Mwaka jana ukakataa. Kaka yake Budeba alikuwa Tunduru, anapiga simu kila mara kusifia ardhi ya huko utadhani ameiumba yeye.

"Msimu huu ni wa mwisho," Budeba alisema. "Mpunga ukikubali, tunabaki. Ukikataa, tunamfuata kaka."

Ng'washi hakuiogopa Tunduru. Kuhama alishazoea. Aliogopa kumwacha Sarah.

Sarah alikuwa mtoto wao wa kwanza, na binti pekee kati ya wavulana. Homa ilimchukua ndiyo kwanza ameanza kujitwika ndoo ndogo ya maji, wakamzika nyuma ya nyumba, kwenye ardhi ya watu, kwa ruhusa ya mwenye ardhi. Ng'washi alikuwa akilipalilia kaburi lile kabla ya kulipalilia shamba. Mwenye ardhi alikuwa mtu mwema, lakini siku akija mpangaji mwingine na pawatila yake ya kulimia, nani atamwambia kwamba pale asilime? Wazo hilo lilimkosesha raha. Watu waliendelea kumwita Mama Sarah, naye aliitika, na kila alipoitika alijisikia bado ana mtoto wa kike.

Januari, baada ya kupandikiza, alikwenda dukani kuchukua mbolea. Akiwa pale, bodaboda ikasimama mlangoni, akashuka mtu mzima aliyevaa koti safi, kakumbatia boksi la chupa za dawa ya magugu. Akavua kofia. Alieleza kwamba analima Pawaga, upande wa Iringa, kwamba dawa ile aliinunua hapo hapo siku alipopita, kwamba maji ya kule yamekatika na mpunga wake umekaukia kitaluni. Alikuwa anarudi kwao mikono mitupu.

"Pole, baba," Mama Dimple alisema. "Lakini mimi sikukumbuki. Hapa nani anakufahamu?"

Yule mtu hakubisha. Akageuka polepole, macho yakamwangukia Ng'washi, ambaye alikuwa amekwisha zungumza na Mama Dimple kwa lafudhi yake ile isiyofichika. Akainama kidogo.

"Mwangaluka, mayu."

Akamwamkia kwa Kisukuma, taratibu, kama wanavyoamkiana kwao Maswa asubuhi watu wakiwa bado na muda. Akauliza ni binti wa nani. Akauliza habari za nyumbani, za watoto, za mvua. Alipotajiwa kijiji cha Lalago akaguna kwa furaha, akamtajia mnada wa pale, akamtajia na kisima kilichokuwa nyuma ya mnada ambako wasichana walikuwa wakigombania kamba. Ng'washi alikuwa mmoja wa wasichana hao. Machozi yalimlenga. Huku Usangu Wasukuma ni wengi, lakini kila mtu ana haraka zake, na ilikuwa miaka hajaamkiwa mpaka mwisho. Yule mtu alisema anaitwa Seni. Na hakumwomba chochote. Hapo ndipo penye ufundi wake, maana angeomba, labda Ng'washi angeshtuka.

"Mama Sarah," Mama Dimple akauliza, "unamfahamu?"

"Namfahamu," Ng'washi akasema. "Ni mtu wa kwetu."

Msimcheke. Alikokulia yeye, anayekijua kisima ulichonyweshea ng'ombe utotoni si mgeni. Hakusema uongo, kwa jinsi alivyofundishwa maana ya kumfahamu mtu.

Mama Dimple akazikagua sili moja moja, akazikuta nzima, akaandika namba ya simu ya Seni, akamlipa. Kisha akazipanga chupa zile mstari wa mbele kwenye rafu, kama marehemu alivyomzoesha: kilichorudi ndicho kitoke kwanza, kisije kikachakaa. Seni akamshukuru Ng'washi kwa mikono miwili, akapanda bodaboda, akaenda zake upande wa Igawa kwenye barabara kuu.

Zamu ya Ng'washi ilipokaribia, akarudi dukani, akapewa chupa kutoka mstari wa mbele. Na mwaka huo, ajabu, maji yalikuja siku yake. Walikausha majaruba, Budeba akabeba bomba mgongoni, Ng'washi akachanganya dawa kwa kipimo kile kile cha miaka yote. Walipofungulia maji alisimama kwenye kingo akiyatazama yanavyoingia, akajikuta anacheka peke yake. Jioni alimwambia Sarah kule nyuma ya nyumba kwamba mambo yatakuwa mazuri. Alikuwa na tabia hiyo ya kumpa habari.

Mpunga ulianza kubadilika nchani. Kwanza alidhani ni jua. Kesho yake umanjano ukateremka, na keshokutwa akaona kwamba magugu na mpunga vinakufa pamoja, bega kwa bega, kama vimekubaliana. Aliingia majini, akaung'oa mche mmoja, ukatoka bila kumkatalia. Mizizi ilikuwa laini kama mboga iliyopikwa. Akauchomeka tena. Alijua ni upuuzi, lakini aliuchomeka, akausindilia matope kwa vidole, akauchomeka na wa pili.

"Umechanganya vibaya," Budeba alisema.

"Sijachanganya vibaya."

"Basi ni nini?"

Ng'washi akageuka kutazama mashamba ya jirani. Pande zote mbili majirani walikuwa na mpunga wa kijani, na mmoja wao alinunua dawa duka hilo hilo. Wapita njia walisimama, wakatikisa vichwa, wakasema pole, halafu wakiisha kusogea wakasema mengine.

Bwana shamba Kalinga alikuja na pikipiki yake, kijana wa Kihehe, mpole, mwenye maneno machache. Aliuliza kama bomba liliwahi kutumika kwa dawa ya kusafishia shamba, ile inayoua kila kijani. Halikuwahi. Akaomba chupa, akakwangua namba ya siri kwenye karatasi iliyobandikwa juu yake, akaituma kwa simu ihakikiwe. Jibu likaja hapo hapo kwamba dawa ni halisi.

"Simu inasema ni halisi, mama," alisema, kama mtu anayeomba radhi.

"Na mpunga unasemaje?"

Kalinga alinusa chupa tena, akakunja uso. "Twende dukani."

Mama Dimple aliposikia, alishika meza. Mstari wa mbele ulikuwa umebaki na chupa moja tu. Kalinga akaichukua, akachukua na nyingine kutoka boksi jipya la kampuni, akaomba glasi mbili za maji. Akamimina tone tone. Maji ya glasi ya boksi jipya yakawa meupe kama maziwa, ndivyo inavyotakiwa. Ya pili yakabaki kama chai ya rangi.

"Chupa ni ya kweli," alisema. "Karatasi ya kweli, namba ya kweli. Kilichomo ndani ndicho cha uongo. Mtu amenunua dawa halali, ameitoa, akajaza maji na rangi na ile dawa ya kusafishia shamba ili inukie, akaziba vizuri, akairudisha dukani. Ile nzuri sasa hivi iko gulioni inauzwa. Mwenzangu wa Pawaga alinipigia juzi, kule nako wanalia hivi hivi. Nilidhani wamenunua uchochoroni. Kumbe nao walinunua kwenye duka la maana."

Akamgeukia Mama Dimple. "Zilirudishwa na nani?"

Mama Dimple akaanza kupanga vitu mezani ambavyo vilikuwa vimeshapangwa. "Wanaorudisha ni wengi," alisema. "Sikumbuki."

Ng'washi aliitazama ile chupa iliyobaki. Alikiona kile kisima, na kamba, na koti safi, na mikono miwili iliyomshukuru. Angeweza kunyamaza. Alitamani sana kunyamaza.

"Ni yule Seni," alisema. "Mimi ndiye niliyesema namfahamu."

 Mama Dimple akamshika mkono juu ya meza.

"Najua, Mama Sarah. Nilikumbuka tangu ulipoingia mlangoni. Sikutaka niseme mimi."

Walifanya yanayofanywa na watu wasio na la kufanya. Walipiga namba aliyoiacha Seni, haikupatikana. Walikwenda polisi, wakaulizwa jina kamili na anakoishi, na Ng'washi akarudia jina lile moja tu, maana akina Seni wa Kisukuma wanajaza basi. Kampuni ilisema mzigo wake hauna kasoro, na kweli haukuwa nayo. Mama Dimple alimrudishia fedha ya dawa na kumwongezea mfuko wa mbegu, akalia mwenyewe akimkabidhi, maana wote wawili walijua kwamba mbegu haina kazi. Kitalu kipya kingetaka mwezi, zamu ya maji ilikuwa imekwisha pita, na baridi ingeukuta mpunga ungali tumboni, haujatoa masuke.

Usiku ule Ng'washi alimweleza mumewe kila kitu, mpaka kile kisima. Alingoja akaripiwe. Angekaripiwa angepata nafuu.

"Hata mimi ningesema namfahamu," Budeba alisema.

Asubuhi alipanda juu ya nyumba, akaanza kung'oa bati.

Kazi iliyobaki Ng'washi aliifanya mwenyewe. Alipalilia nyuma ya nyumba, akazungushia mawe, akaenda kwa mwenye ardhi kumwomba asipalime pale. Mzee akamwahidi. Alikuwa mzee sana, na wanawe walikuwa Mbeya mjini, na mmoja wao alikuwa ameshaanza kuulizia bei ya kiwanja. Ng'washi alishukuru, akaondoka. Hakumwambia Sarah chochote kuhusu safari. Alishindwa aanzie wapi.

Siku ya kuondoka, lori likipakia, alipita dukani kuaga. Juu ya rafu Mama Dimple alikuwa amebandika tangazo kama la wenzake, limeandikwa kwa mkono, herufi zimepinda. Waliagana bila maneno mengi. Mama Dimple alimfungia biskuti za watoto.

Hapo akaingia mwanamke kijana, mtoto mgongoni, miguu imejaa matope makavu. Akafungua kanga, akatoa chupa moja ya dawa ya magugu, sili yake nzima. Alisema maji hayakuja. Alisema mumewe amemtuma airudishe, wapate japo unga.

"Siku hizi hatupokei, mwanangu," Mama Dimple alisema, akalionyesha tangazo. Lakini sauti haikuwa na nguvu. Alimtazama yule mtoto mgongoni, akaitazama chupa, akaigeuza geuza.

Yule mwanamke akatazama huku na huku, akamwona Ng'washi. Uso ukamfunguka. Akapiga goti pale pale sakafuni, mtoto mgongoni.

"Mwangaluka, mayu."

Akamuuliza ni binti wa nani. Akamuuliza nyumbani ni wapi, akasema mama yake mzazi ametokea Lalago. Mama Dimple bado alikuwa ameishika chupa. Mwisho akauliza, taratibu, kama mtu anayetaka asaidiwe kusema ndiyo.

"Mama Sarah, unamfahamu?"

Nje dereva alipiga honi. Ng'washi aliitazama miguu ile yenye matope. Matope ya majarubani, hayaigizwi. Alijua, kama unavyojua kitu ndani ya mifupa, kwamba huyu ni mkweli.

"Simfahamu," alisema.

Yule mwanamke akainuka, akaifunga chupa yake kwenye kanga. Hakulalamika. Mlangoni akageuka, akamtakia Ng'washi safari njema kwa Kisukuma, kwa heshima zote, mpaka mwisho, kama anavyoagwa mama. Ng'washi hakuitikia. Alichukua biskuti za watoto, akaenda kupanda lori.