Ramani Iliyokuja Msibani

Juzi mchana, baba akiwa ndani amefunikwa shuka na bado hajazikwa, usingizi ulinichukua kwenye mkeka nyuma ya nyumba, nikaota. Naeleza kwanza nililalaje, msije mkanifikiria vibaya.

Baba yangu, Pazi Mwinshehe, alifariki alfajiri hapa kwetu Maneromango. Mazishi yalipangwa baada ya sala ya alasiri ili dada yangu apate kufika kutoka Morogoro. Mtoto wa kiume niko peke yangu. Kamati ya mazishi aliishika binamu yangu Shamte, anayefanya kazi ofisi kubwa mjini, na aliishika kwelikweli.

Sasa, baba alikuwa na mtani wake, Mzee Lugusha, Mnyamwezi wa Tabora aliyekuja huku akiwa kijana kukata mkonge. Mkonge uliisha, yeye akabaki, akawa fundi baiskeli. Sisi Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Mtani wako akifiwa, huendi kulia. Unakwenda kumsema marehemu, unajilaza kaburini mwake na kudai ni lako, na hutoki mpaka upewe kitu. Hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Baba na Lugusha waliahidiana hilo miaka nenda rudi, na kila mmoja alikuwa akimwombea mwenzake atangulie.

Shamte akakataa. Alisema wakubwa wake wa kazini wanakuja, watu wa kila mkoa, na wakisikia Mzaramo hivi, Mnyamwezi vile, juu ya maiti, watasema tunaendekeza ukabila. Huyu atazikwa Kitanzania, alisema. Lugusha akaambiwa akae kwenye mkeka kama watu wengine. Alisukuma baiskeli yake akarudi kwake. Hapo Shamte akanigeukia, akasema neno la mwisho ni langu kwa kuwa mimi ndiye mtoto, ila nifikirie vizuri. Nikaenda nyuma ya nyumba kufikiria.

Kwanza ikaingia ramani.

Ilikuwa ile ramani ya nchi iliyoning'inia darasani kwetu shule ya msingi, na doa lake la wino pale Singida. Inaingia uani kwa miguu yake, imejiinua kidogo pembeni kama mwanamke anayeinua khanga avuke dimbwi. Inavua viatu, inakaa kwenye mkeka, inanipa pole. Napokea. Msibani humwulizi mtu amekuja kwa njia gani.

"Ndugu mfiwa," inasema, "nasikia mna tatizo la nani ni nani. Nimekuja kuliondoa."

Naiuliza litaondokaje.

"Sote ni wamoja," inasema ramani, na inapiga makofi mara moja.

Papo hapo watu wote uani wanakuwa na sura moja. Si sura mbaya. Ni ya yule mtu wa kwenye bango la chanjo pale zahanati, anayetabasamu kwa kiasi. Shangazi zangu wanatabasamu kwa kiasi. Jina letu sote ni Mwananchi, na ukiita Mwananchi mmoja wanageuka wote. Wali wa nazi uliokuwa jikoni umekuwa kitu cha rangi ya boksi, na Mwananchi mmoja anatangaza kuwa chakula cha taifa kimeiva. Tunakula. Hakina chumvi wala hakikosi chumvi.

Naingia ndani kumwangalia baba. Chumba chake kimekuwa stesheni ya reli ya Dodoma, ukumbi mrefu, na maiti zimelazwa kwenye mabenchi mpaka macho yanapokoma. Wote wana sura ya bango. Nafunua sanda moja baada ya nyingine, na kila mmoja ananitabasamia kwa kiasi.

"Chukua yeyote," linasema jeneza, lililokuwa limekaa kwenye dirisha la tiketi. "Wote ni wamoja."

Nalieleza kwamba baba yangu ana kovu juu ya nyusi, nazi ilimwangukia akiwa amelala chini ya mnazi saa za kazi.

"Makovu yameondolewa," linasema jeneza. "Yalikuwa yanaleta tofauti."

Niliogopa hapo kuliko nilivyoogopa alfajiri. Alfajiri nilimpoteza baba, lakini nilijua nimempoteza nani. Nikatoka mbio, nikaiambia ramani kwamba sitaki. Namtaka wangu.

Ramani inaguna. Inasema watu wa nchi hii hawapendezwi. "Haya basi, kila mtu na chake," inasema, na inapiga makofi mara ya pili.

Sura zinarudi. Shangazi zangu wanarudi kila mmoja na pua yake, na baba yuko kwenye jeneza mbele yangu, na kovu lake. Nafurahi sana. Nafurahi mpaka ninaposikia mchele ukitoka chunguni, punje moja moja, ukiuliza njia ya kwenda Mbeya. Sukari inajichuja kutoka kwenye chai za watu na kuondoka kuelekea Kilombero. Vitunguu vinakwenda Singida bila kuaga. Samaki wakavu wamekwishafunga mizigo yao, wanasema Mwanza ni mbali, afadhali watangulie.

Wafiwa wanafungua midomo wapeane pole, lakini maneno yamesimama midomoni yanaulizana kwao ni wapi. Machache yanashika njia ya pwani. Mengi yanakaa chini barabarani, kwa kuwa yamelala katika kila nyumba ya nchi hii na hayajui pa kurudi. Uani panakuwa kimya kabisa.

Naangalia mtoni. Mto Ruvu umefika mpakani mwa mkoa wetu ukasimama. Umesimama wima, ukuta wa maji mrefu kuliko minazi, jua linapita ndani yake, na samaki wanachungulia kwetu kama watu waliofika ofisi ikiwa imefungwa. Sijawahi kuona kitu kizuri na cha kutisha namna ile. Nilivua kofia bila kujua kwa nini.

Halafu ramani inaanza kuchanika. Inatoa sauti ya khanga inayopasuliwa, na kila inapochanika ardhi inafuata. Ufa unapita katikati ya kaburi la baba. Ukuta mmoja wa kaburi uko huku kwetu, ukuta wa pili uko Tabora, naiona misitu ya miyombo na mtu anarina asali bila habari nasi. Katikati hakuna chini. Mkoa wa Pwani unaondoka taratibu kama gari-moshi linaloacha stesheni, na sisi ndani yake, na baba hana pa kulala.

"Piga makofi tena," naiambia ramani.

Ramani imelala vipandevipande uani. "Sina makofi ya tatu," inasema kwa sauti ndogo.

Ndipo inaposikika kengele ya baiskeli.

Mzee Lugusha anakuja juu ya ufa, anapiga pedali hewani kama barabara ya lami. Hasalimii mtu. Anaiegemeza baiskeli kwenye Mto Ruvu, anashuka pale palipokuwa kaburi, na analala chali. Na kwa kuwa yeye amelala, inabidi pawe na chini. Chini inatokea.

"Mzaramo," anamwambia baba, "umekufa kweli au unakwepa kulima?"

Baba anakaa kwenye jeneza, anatengeneza sanda yake mabegani. "Mnyamwezi, toka humo. Umeona shimo ukadhani ni sufuria ya ugali."

"Sitoki. Hili langu. Wewe kachimbiwe chini ya mnazi, ndipo umezoea kulala."

"Mmebeba mizigo ya watu toka bara mpaka pwani, leo unataka kubeba na kifo changu?"

"Nitakibeba," anasema Lugusha, "maana Mzaramo hata kifo chake atakiacha njiani akisikia ngoma."

Baba anacheka. Ni kicheko chake hasa, kile kilichokuwa kinamfanya ashike ukuta, na nilidhani sitakisikia tena duniani. Lugusha naye anacheka ndani ya kaburi, na kaburi lote linacheka, kwa sababu udongo ule umewazoea.

Lugusha anachomoa sindano kwenye ukosi wa shati lake. Anahitaji uzi. Ananyoosha mkono bila kuomba, anashika pindo la kanzu yangu, anavuta, na uzi mweupe unatoka wote kwa mkupuo mmoja. Anaanza kushona Pwani na Tabora. Ramani inalalamika kwamba Pwani na Tabora hazipakani. Lugusha anaiambia inyamaze, hiyo ni kazi ya mafundi.

Sasa naisikia nchi nzima. Ni kama nimesimama juu yake, au ni yenyewe imeinuka ikafika machoni pangu, sijui. Kule kusini Mngoni anamwuliza Mhehe habari za ile vita mliyokimbia, na Mhehe anajibu kwamba hatukukimbia, tulikuwa tunawatafuta mlikojificha. Uzi unapita. Kaskazini Mchaga anachukua ndizi ya Mpare na kumwambia akitaka akashitaki, na Mpare anasema asante, nilikuwa sina kesi wiki hii. Uzi unapita. Kutoka ziwani mpaka baharini watu wanasemana vibaya kwa upendo, kila mmoja kwa sura yake na kovu lake, na kwa kila tusi sindano inazama huku na kuibukia kule. Uzi ni ule ule wa kanzu yangu, na hauishi.

Mto Ruvu unainama, unapita katikati ya miguu yetu na kuendelea na safari. Maneno yaliyokaa barabarani yanainuka, yanakung'uta vumbi na kurudi midomoni mwa watu, yoyote kwa yeyote. Nililia kwa ukubwa wa jambo lile. Sikuwa nimejua kwamba nakaa katika kitu kikubwa kiasi hicho.

"Hapo," inasema ramani, imefumba macho. "Hapo kwenye mipaka palikuwa pananiwasha miaka yote. Endelea, fundi."

Baba anajilaza tena. Kabla hajajifunika uso ananiita kwa kidole, na mimi nainama.

"Kondo," anasema, "usikubali nizikwe na watu wenye adabu tupu."

Nilifumbua macho. Shamte alikuwa amesimama juu yangu, amevaa koti zito kwenye jua lile, saa mkononi. Dada alikuwa amekwishafika, wakubwa wake pia. Aliniuliza kama nimeamua.

Nilisimama nimjibu, na kanzu ikashuka ikaburuza miguuni. Pindo lilikuwa limefumuka mzunguko mzima, na uzi wake haukuwepo. Nilipekua mkeka wote, nikapekua na mchanga. Kanzu ile niliichukua kwa fundi wiki iliyopita tu.

Nikamwambia Shamte kaburi lisiguswe mpaka nirudi. Akaanza kuniambia wageni watatuonaje. Nilimjibu kwamba watatuona sisi, ndiyo maana wamekuja, na wao pia wana watani wao waliowaacha nyumbani. Akavua lile koti. Nadhani lilikuwa limemchosha.

Lugusha nilimkuta nje kwake, amekaa kando ya baiskeli iliyopinduliwa magurudumu juu, hana alichokuwa akitengeneza. Alikuwa ameoga na kuvaa shati lake la Idi. Kwenye ukosi palikuwa na sindano, na kwenye sindano palining'inia uzi mweupe.

"Shikamoo, mzee," nilisema. "Kaburi liko wazi."

Hakuitikia shikamoo yangu. Alinitazama kutoka kichwani mpaka kwenye pindo lililokuwa likiburuza vumbi.

"Wazaramo," alisema, "baba yenu amekufa leo asubuhi tu, na hata kanzu imewashinda."

Tangu alfajiri nilikuwa sijatoa chozi nikiwa macho. Yakaja yote pamoja na kicheko, nikashika ukuta wa nyumba yake ili nisianguke. Yeye aliigeuza baiskeli ikasimama, akajifuta uso kwa kiganja, akanionyesha kiti cha nyuma.

"Panda," alisema. "Kubeba ndiyo kazi yetu."

Nikapanda, nimelishika pindo mkononi lisije likanasa kwenye mnyororo.