Wali Waliobeba Mji

Ndege ya Mreno ilipita chini hata kuku wakakimbilia uvunguni bila kuswagwa. Mimi nilikuwa shimoni, brashi mkononi, napangusa shingo ya mtungi. Bwana Abdallah, mchimbaji wetu wa mambo ya kale, alikuwa kajilaza kifudifudi juu ya michoro yake.

"Bwana Abdallah," nikamwambia, "ukifa hapo, wenzako watakuchimbua wakuandike namba."

Alicheka, masikini, midomo imemkauka.

Mwaka ulikuwa sabini na mbili. Vita ilikuwa ng'ambo ya Ruvuma, lakini vita haijui mto. Chini ya mikorosho yetu tulikuwa tumefukua mji: kuta za matumbawe, kisima, shanga, vigae vya sahani za Uchina. Kila kigae kilikuwa na namba, na kila namba ilikuwa na mahali pake kwenye michoro.

"Michoro ikipotea, Mwaisha," alinifundisha, "hivi ni vigae tu. Mji utakuwa umekufa mara ya pili."

Siku lilipokuja lori la kutuhamishia kijiji cha Mtawanya, Shaibu, kamanda wa mgambo wetu, akaiona michoro. Pwani, kisima, njia, vipimo.

"Mreno akizipata ramani hizi atatupiga mabomu kwa rula," alisema. "Zichomwe."

Sikumwona mjinga. Wiki ile tulikuwa tumezika waliouawa na mabomu.

Abdallah alisihi mpaka sauti ikamwisha. Shaibu alipokwenda kutafuta kiberiti, nikakusanya michoro na vifuko vya vigae nikaingia navyo nyumba ya unyago. Mimi ni kungwi. Wali wangu, wasichana niliokuwa nikiwafunda, walikuwa ndani, Salma binti wa Shaibu akiwa mmoja wao, bado hawajatolewa.

Shaibu akafika mlangoni, bunduki begani.

"Dada Mwaisha, fungua!"

"Karibu ndani, kaka. Ila ukitoka utatueleza umechezwa na kungwi gani."

Wanawake uani wakapiga vigelegele. Shaibu akarudi kinyumenyume kama aliyekanyaga siafu.

"Haya, zibaki humo humo zioze!"

Wali wakatoka wameinama, wamegubikwa kanga toka utosini hadi miguuni. Ndiyo ada, mwali hatazamwi. Migongo ilikuwa imetuna kidogo. Tukapanda lori, Shaibu na Abdallah nyuma pamoja nasi.

Kwenye kizuizi cha barabarani, askari wetu mmoja kijana akarukia nyuma. "Wafunueni hawa!" Akashika upindo wa kanga ya Salma. Ndani ya kanga ile, kuta zote za mji, kisima na njia zake, vilikuwa vimefungwa kiunoni mwa mtoto. Nikafungua mdomo. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu, mzaha haukuja.

Aliyeruka ni Shaibu.

"Mwache! Huyo binti yangu, ni mwali! Kwenu hamna ada?"

Kijana akaiachia kanga kama kaa la moto. Kizuizi kikainuliwa.

Mtawanya, nyuma ya lori, Salma akanipa michoro, wenzake vifuko vya vigae, nami nikamkabidhi Abdallah vyote. Michoro ilikuwa imelowa jasho, lakini haikupungua hata karatasi moja. Aliipokea kwa mikono miwili. Shaibu alikuwa pale pale. Aliiona. Akaipa kisogo, akaenda kuwasaidia wazee kushuka.

Siku hizi mji ule umo kwenye makabati ya vioo, na watoto wa shule hupelekwa kuutazama. Shaibu amezeeka kuliko mimi, japo yeye anabisha. Tukikutana kwake Likombe huwaambia wajukuu zake kuwa ni yeye aliyeuvusha kizuizini.

"Si ndivyo, dada?"

"Ndivyo, kaka," humjibu. Na wala simtanii.