Nguzo ya Chumba Namba Nne

Ina pembe kama nyati lakini haichungwi. Mama humwachia binti, na mjomba kazi yake ni kuilinda tu. Ni nini? Usihangaike, sikudai mji: ni nyumba yetu sisi watu wa kabila la Minang, yenye paa lililochongoka ncha kama pembe. Yusnidar msuka mikeka hakuwa nayo tena. Miaka saba nyuma, akiwa kibaruani ng'ambo, kaka yake Mawardi alimwandikia kwamba mchwa wameimaliza. Ndiyo maana mchumba wa binti yake Elfina, ambaye kwa desturi huletwa nyumbani kwa kina mke, kesho, siku ya harusi, angeletwa hotelini.

Na hoteli yenyewe! Elfina aliichagua kwenye simu. Bonde lilikuwepo kweli, magenge na maporomoko mazuri ya kukutoa machozi. Lakini bomba lilikohoa kutu, godoro limetota, na bafuni chura amekaa kwenye ndoo.

"Mwanangu, huyu naye ni wa upande wa bwana harusi?"

"Mama! Kwenye picha hapakuwa hivi!"

"Picha gani ina harufu?"

Yusnidar akatandika sakafuni mkeka wake, aliousuka zamani kwa chumba cha marehemu mama yake. Ukagusa ukuta huku, ukagusa nguzo kule, haukupungua wala kuzidi. Akautazama tena. Mkeka ule aliupima kwa shubiri zake mwenyewe. Akapapasa nguzo. Mifereji mitatu, pale alipozoea kuegemeza kisu akichana majani ya mkadi ya kusukia. Vidole vikaingia.

"Elfina," akaita, "hiki ni chumba cha bibi yako."

"Si kililiwa na mchwa?"

Alasiri Mawardi akafika. Wiki nzima alikuwa amewasihi waende hoteli nyingine. Akasimama kizingitini, viatu mkononi, asiingie.

"Kaka, nguzo hii imefikaje hapa?"

"Mvua imeninyeshea njia nzima. Chai ipo?"

"Imefikaje?"

"Wakwe... wanakuja wangapi?"

"Mjomba," Elfina akadakia, "kesho utamwambia nini mume wangu? Karibu kwetu, chumba namba nne?"

Yusnidar aliketi mkekani kwa kishindo. Miaka saba aliililia nyumba ile kama maiti, na kumbe ilikuwa imesimama, inapangishwa kwa wapita njia.

Mawardi akaweka viatu chini, kimoja kimoja.

"Mchwa hawakuwahi kuigusa, Yus," akasema. "Waliing'oa nguzo kwa nguzo, wakaijenga upya huku. Niliiuza mimi."